Hujafunga

Jumatano na Ijumaa, nikishakaza robota la mitumba Kiboriloni,
nashuka mjini na vumbi langu hadi darasa la jioni.
Ni ghala la kahawa lililostaafu. Bado linanuka magunia.

Maneno nilianza kuyaokota kwenye lebo za nguo:
osha kwa maji baridi, usikamue, usipige pasi.
Kiingereza changu cha kwanza kilikuwa makatazo
yaliyoshonwa nyuma ya shingo za watu nisiowajua.

Leo tunajifunza kunukuu.
"Maneno ya mtu ni mali yake," asema Mwalimu Kileo.
"Ukiyachukua mazima, yavishe alama: mbili mwanzo, mbili mwisho.
Ukiyasimulia kwa mdomo wako, vua alama,
kisha rudisha kitenzi nyuma hatua moja."
Kwa nini nyuma?
"Kwa sababu aliyesema keshasema."
Mzee Lyatuu, mlinzi wa benki, akaguna: hawa watu
hawamwamini mtu akishatoka getini.

Zoezi: andika sentensi ya mtu wa nyumbani kwako.
Mimi ninayo moja.
Ndewario, kaka yangu, mlangoni,
kamba ya kiatu kimoja ikiburura:
"Naja."
Ndivyo tunavyoaga. Mtu anatoka, anasema anakuja,
na hakuna anayeshangaa.
Masika tisa zimepita.

Kwa Kiswahili nasema: kaka alisema anakuja.
Tazama, bado yuko njiani.
Labda kafika Himo, anasubiri chenji.
Kwa kanuni ya ubaoni, kule kuja kunarudi nyuma,
kunakuwa jambo la siku ile,
limekunjwa, limebanwa na waya pamoja na makoti.

Basi nimeyaacha mazima.
Nikafungua alama mbili, nikaandika.
Neno lake moja, kwa Kiingereza, limekuwa mawili,
kana kwamba asubuhi ile
kuna mtu alimsindikiza.

Kalamu nyekundu ikasimama juu ya daftari.
"Aikande, hujafunga."
Najua, mwalimu.
Akanikata alama kwa kukosa alama.
Tisa kwa kumi, sikubisha.

Njoro, saa nne usiku, nimezima taa.
Komeo nalisukuma
nusu.