Moja kwa Mia Tatu Hamsini

Mchana natengeneza meno.
Nta, waya, akriliki ya waridi;
taya za watu wa Pasua, Kibosho na Himo
zimepangwa rafuni zikinicheka kwa pamoja.
Usiku, plasta iliyobaki bakulini
naimwaga juu ya ubao,
naichokoa kwa kijiko kabla haijaganda,
na hiyo ndiyo bahari yangu:
sentimita arobaini kwa sitini,
haina chumvi, haina samaki,
inanuka zahanati.

Namsifu huuliza,
"Mtu wa Moshi na manowari, wapi na wapi?"
Huku anausogeza mzinga wa milimita nane
kwa ncha ya ufagio.
Sina jibu. Bahari yenyewe nimeiona mara mbili,
na mara zote mbili nilikuwa nahangaika
viatu visilowe.

Lakini ninayo picha.
Nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mende.
Aliileta kaka yangu Ndelilio alipokuja likizo,
mwaka wake wa kwanza katika jeshi la maji.
Nusu ya meli: tezi, boya, kamba iliyoviringwa,
na baharia mmoja ukingoni,
uso umefutika, mkono umeshika kofia.
Omo haimo. Picha iliishia hapo.

Omo, basi, nimeibuni.
Miaka sita. Bati la kopo la mafuta ya kupikia,
waya wa kunyooshea meno ukawa uzio wa sitaha,
uzi wa soksi ya Namsifu (anajua, amesamehe)
ukawa kamba za bendera.
Kijivu nimekichanganya mara kumi na moja,
maana kijivu cha picha isiyo na rangi
kinaweza kuwa rangi yoyote duniani.

Kwa kipimo hiki mtu mzima ni milimita tano.
Ndelilio nilimchonga kwa jino,
chonge ya juu, kushoto,
mteja aliikataa akisema inamtisha mumewe.
Nikabana pumzi.
Nikamsimamisha tezini, mkono kwenye kofia.

Jumapili moja, mlima ukiwa wazi,
niliibeba meli hadi juu ya tangi la maji,
nikainamisha kamera yangu ya mtumba wa Memorial
mpaka shavu likagusa saruji.
Siri ya kupiga picha vitu vidogo ni hiyo tu:
usikikuze kitu, shuka wewe.
Theluji ya Kibo ikapoteza kingo zake kule nyuma,
ikawa povu.
Jogoo wa jirani alipita mbele ya lenzi mara mbili.
Ya tatu ndiyo niliyoituma Tanga kwa basi,
ndani ya boksi la gauzi.

Akapiga simu siku ya nne.
Alicheka kwanza, kisha akakohoa,
kisha akanyamaza, salio likiliwa.
"Omo umeikosea. Ilikuwa fupi, butu kama pua yako.
Na huyo mwenye kofia ni Makame,
deni langu hajalipa mpaka leo.
Mimi simo humo.
Mimi ndiye niliyeshika kamera."

Miaka arobaini nimekuwa nikimwangalia Makame.
Mama yetu aliibusu picha ile kila Krismasi.

Sijambandua. Gundi imeshika, na hana kosa.
Ila jana usiku, Namsifu alipolala,
nilipima kutoka kwenye kofia ile
hadi mahali picha ilipopigiwa:
hatua kumi za mtu, sentimita mbili za kwangu,
kuelekea mbele,
pale pale inapoanzia omo yangu ya uongo.
Nikafuta vumbi kwa brashi ya kupakia nta.
Chonge nyingine ninayo, lakini sikuichonga.
Nikaweka taa ubavuni, nikashusha kidevu mezani,
nikafumba jicho moja,
nikakaa hapo
mpaka shingo ikagoma.

Kesho saa mbili Mama Shirima anafuata meno yake ya chini.
Hata kung'arishwa bado.