Nusura

Fomu ina kurasa nne, na kalamu imefungwa kwa uzi
kana kwamba nitaiiba.
Majeruhi: hakuna.
Uharibifu wa mali: hakuna.
Umbali kati ya ndege na ndege:
hapo wino unasita.

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na moja asubuhi,
Julai, ukungu umeinuka punde tu kutoka mbugani
na korongo wa jaa la taka wamerudi kuzunguka Wilson
kama wenye uwanja.
Kirimania alikuwa anaondoka na miraa ya Maua,
magunia hadi dirishani,
mzigo usiojua kungoja: ukichelewa ni majani.
Kadzo alikuwa anarudi,
mara yake ya tatu angani peke yake,
mwalimu wake amesimama chini ya mnara, mikono nyuma,
akijifanya anatazama saa.

Majina yao ya redioni yalipishana herufi moja.
Nikasema: geuka kulia, baki chini ya wingu.
Wakajibu wote wawili kwa mpigo,
na sauti mbili zikipanda wimbi moja
hazisikiki mbili, wala moja;
hulia filimbi,
kama birika ambalo Obura husahau jikoni.
Filimbi ile nikaihesabu kuwa ndiyo.

Kosa liko hapo. Msilitafute kwingine.

Nilipoinua macho
zilikuwa juu ya Bustani ya Uhuru,
ndege mbili,
kisha ndege moja nene,
kisha
(sijui kisha hiyo ilichukua muda gani,
mimi nilizeekea humo)
ndege mbili tena.

Redio ikanyamaza. Kisha Kirimania:
"Mnara, huyo mtoto amevaa skafu nyekundu."
Basi. Akaaga, akashika njia ya kaskazini mashariki.
Kadzo alidunda mara tatu kwenye lami,
akazima injini katikati ya njia,
akashuka, akauliza kwa adabu choo kiko wapi,
yeye aliyesoma hapa miezi minane.
Barabara ya Lang'ata, magari yaliendelea kupigiana honi.
Fundi wa mageti hakuinua miwani yake.

Mkaguzi anataka neno.
Namwambia, zilikosana.
Anacheka: "Kwani ziligombana?"
Ndivyo tulivyo. Watu wakikosana
huitwa wasuluhishi, maji hayapitishwi uani;
ndege zikikosana, tungechinja mbuzi.
Basi andika nusura, anasema.
Nusura zigongane.
Neno hilo tunalitupa ovyo,
nusura nichelewe, nusura nimwage chai,
na bibi yangu, Mnubi wa Makina,
aliliomba kila alfajiri mikono wazi:
Mola, tupe nusura.
Hakuwa akiomba kidogo kilichobaki.
Au pengine ndicho alichokuwa akiomba.

Naandika: futi arobaini, kwa makadirio.
Arobaini ni upana wa ua wetu
kutoka mlangoni hadi kwenye banda la kuku.
Fomu haina mahali pa kuandika kisichotokea:
mazishi mawili yasiyotangazwa,
miraa isiyomwagika juu ya mabati,
mama yake Kadzo kule Kaloleni
anayekatia mchicha na hajui
kwa nini leo binti amepiga simu mara mbili
kuuliza habari za mvua.

Natia sahihi. Sahihi yangu haifanani na yangu.

Jioni napita kwa shangazi Zamzam, Makina.
Simwambii kitu. Ananipa chai, na mandazi ya jana.
Anasema asubuhi, akianika sare za watoto,
kitu kilikata jua, haraka,
shuka likawa jeusi, likawa jeupe.
Akadhani mwewe.
Akaacha nguo, akahesabu vifaranga wake.

"Wakawaje?" nauliza, na kikombe kinagonga sahani.

"Wametimia," anasema. "Mbona unatetemeka?"