Katuni Isiyo na Ngumi

Mlowa Barabarani, banda la Zeburoni:
mabenchi sita, kiingilio mia mbili,
na mimi kwenye kona na maikrofoni iliyofungwa kwa mpira,
mtafsiri wa lugha zote nisizozijua.
Kichina najua: nikisikia kofi, nasema kofi.
Kihindi najua: mvua ikinyesha, wanapendana.
Kijapani nacho nilikijua, hadi Jumanne ile.

Tulitangaza katuni. Watoto wa stendi wakajaa,
na wapiga debe, na utingo wawili wa lori la vitunguu
waliokuwa wakisubiri springi kutoka mjini.
Tulitarajia upanga. Tulitarajia mtu wa kuruka.
Badala yake mwanamke anashuka stesheni, peke yake,
begi dogo, na kiangazi kinapiga kelele mitini.
Anafungua nyumba ya marehemu mama yake.
Anafungua dirisha. Anafungua dirisha la pili.

Nikasema, "Mdada anamsaka adui!"
Hakumsaka mtu. Alibandika birika.
Nikasema, "Sumu hiyo!" Akainywa, ilikuwa chai.
Watu wakacheka, wakinicheka mimi.
Kachenje akasimama: nirudishieni mia mbili yangu,
birika hata kwetu lipo.
Lakini akakaa tena.

Kisha ule mwimo wa mlango.
Mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine,
na mkono wa mwanamke unaipanda polepole
kama mtu anayepanda ngazi gizani,
mpaka mstari wa mwisho,
chini kidogo ya bega lake.
Nilifungua mdomo.
Maikrofoni ikatoa mlio wake wa mbu, basi.

Nadhani aliyeanza ni Peresi,
aliyekuja kuchaji simu, si kuangalia,
amesimama mlangoni na ungo wake wa karanga.
Alisema kama anayezungumza na karanga:
"Tembe letu lilikuwa na nguzo ya mninga.
Baba alitupima kwa kisu, alama moja kila mavuno ya uwele.
Mwaka wa operesheni walikuja na lori,
na nguzo ile wakaipikia ugali
waliolivunja tembe."
Hakulia. Aliuliza simu imefika asilimia ngapi.

Utingo mmoja, Ndahani, akasema gizani:
"Mimi nilipimwa kwa mpini wa jembe."
Mwenzake: "Sisi tulipimwa kwa mkono. Uvuke kichwa, ushike sikio,
ndipo mwalimu aandike jina.
Miaka miwili nilirudishwa nyumbani na mkono mfupi."
Na hapo, sikuwaambia mimi,
watoto wa mabenchi ya mbele wakainua mikono,
wakaivusha vichwani, kila mmoja akitafuta sikio lake,
vivuli vyao vikiingia kwenye pazia,
kwenye nyumba ya yule mwanamke,
hata Kachenje, na ndevu zake,
mkono wake ukapita sikio ukafika shingoni
akauacha hapo.

Mwanamke akafunga dirisha. Akafunga la pili.
Akasimama kizingitini, akaiambia nyumba tupu
neno moja, fupi, la Kijapani.
Banda zima likanigeukia.
Miaka kumi na moja nawadanganya watu hawa kwa mia mbili mia mbili,
na usiku huo nikasema: sijui.

"Anaaga," akasema Peresi.
"Hapana, mama," Ndahani akajibu, "anabisha hodi."
"Mtu hawezi kubisha hodi akiwa anatoka."
"Kwao? Anaweza."
Wakabishana, na benchi la nyuma likaingilia,
na mwanamke bado amesimama, begi mkononi,
kana kwamba naye anangoja tuamue,
pakawa giza.

Umeme umekwisha, Zeburoni akapiga kelele, yuniti sifuri.
Wa kwanza kuchanga alikuwa Kachenje.
Mia mbili ile ile, imekunjwa mara nne, ina jasho.
Tukamtuma mtoto mbio kwenye duka la vocha.
Limefungwa.
Tulikaa kidogo hata hivyo.
Peresi alipita kwenye mabenchi akigawa karanga
kwa kupapasa, mkono hadi mkono,
na alipofika kwangu akauliza,
"Wewe ulipimwa kwa nini?"