Vidole Vinne Kulia

Sebule yetu, Mabatini, imekaa juu ya jabali,
na jabali halikuulizwa kama liko tayari kubeba sebule.
Fundi Lubango alipima kwa jicho,
akasema, "Iko sawa, mama," akapokea hela yake, akashuka.
Tangu siku hiyo uji hukaa upande mmoja wa bakuli.

Hapo ndipo nilipotandika zulia la kijani,
mita mbili na nusu, nimelitoa Makoroboi
kwenye rundo la mapazia na makoti ya baridi ya watu nisiowajua.
Mwisho wake lina shimo, upana wa kikombe cha chai,
na doa ambalo naapa ni mvinyo.
Fimbo nimeazimwa na bosi wa kiwandani. Bado hajaidai.

Nikitoka zamu ya usiku,
mikono ingali na ubaridi wa minofu ya sangara,
navua buti, nafunga kanga kiunoni, nasimama.
Miguu sawa na mabega. Kidevu chini.
Kok.
Mpira unaondoka vizuri, kama mtoto aliyetumwa dukani,
kisha katikati ya njia unakumbuka ziwa,
unapinda kushoto, unateremka,
unagonga mguu wa kabati.

Mama mkwe, Bi Nyangeta, yuko mkekani anachambua choroko.
"Wewe si Msukuma?" ananicheka, yeye wa Ukerewe.
"Basi sukuma!"
Kok. Kabati.
Kok. Kabati.

Mwezi wa tatu nikaipata siri:
shimo usililenge. Lenga kona ya redio,
vidole vinne kulia,
halafu uache mteremko umalizie sentensi.
Kok, kimya kidogo, tung!
Bi Nyangeta akaanza kuhesabu kwa choroko:
ukiingia, punje moja kwenye sahani.
Siku moja zilifika thelathini na saba bila kukosa.
Tukazitia sufuriani pamoja na nyingine.

Jumamosi ya mashindano ya kiwanda,
kwenye majani ya kweli, yamekatwa mpaka yanafanana na zulia,
shimo la mwisho. Hatua tatu. Hakuna mlima wala bonde.
Macho yaliona kuwa ni sawa, mikono ikakataa.
Mikono ilikuwa Mabatini.
Ikaupeleka mpira vidole vinne kulia,
nao ukaenda hapo hapo, mtiifu, ukasimama
kungoja mteremko ambao haukuja.
Mazigo wa uhasibu akanishinda kwa pigo moja.
Akapewa birika la umeme.

Nyumbani, mwanangu Shigela akaleta madaftari ya darasa la nne,
akayapanga chini ya zulia, upande wa ziwa:
sayansi, hisabati mbili, uraia.
Juu yake akaweka sinia la maji,
tukachuchumaa wote wawili
mpaka maji yakakubali.

Kok. Moja kwa moja, shimoni.
Kok. Shimoni.
Mara sita. Sikufurahi kiasi nilichotegemea.
Nikageuka; sahani haina hata punje moja.
"Sasa hapo," akasema Bi Nyangeta, "pana kazi gani?"

Usiku umeme ukakatika, Mabatini yote ikazimika
hadi taa za meli tu, kule mbali, nazo chache.
Nikachomoa daftari la uraia.
Nikatulia. Nikachomoa hisabati moja.
Sijui nilikuwa natafuta nini, labda ile kona ya redio.
Nikapiga gizani, kwa sikio.

Mpira ukapita zulia, ukapita kizingiti,
nikausikia kwenye ngazi za mawe,
tak, tak,
tak,
ukishuka kwa Mama Kabula, kisha mlio wa beseni.
"Nkwimba!" akaita toka chini. "Wako huu?"
Nikawasha tochi ya simu,
nikaanza kutafuta ndala.