Mabano

Miaka kumi na tisa naandika kumbukumbu za baraza
hapa Paysandú, mto ukiwa nyuma ya dirisha.
Kazi yangu ni masikio. Na mabano.

Jumanne, hoja ya mitaro.
Diwani Etcheverry alipiga meza
hadi kibuyu chake cha chai chungu kikapinduka,
akamwita mwenzake mwizi, mjinga, mtoto wa mwizi.
Nikaandika: (kwa msisitizo).
Wakampa mkono. Amesema kiume.

Kisha akasimama Nélida Bentancor
na karatasi zake, na nyumba zake arobaini na mbili
ambako maji yamefika vitandani.
"Mheshimiwa, hujajibu swali."
Basi. Hakutia chumvi wala pilipili.
Mwenyekiti akagonga kengele:
"Bibi, tulia. Tunza heshima ya ukumbi."
Mmoja akauliza kama nyumbani kwake hakulaliki.

Nikaandika: (kicheko).

Usiku nilipekua majalada ya nyuma.
Yeye: (anapaza sauti). (Anafoka). (Kwa jazba).
Wao: (kwa msisitizo), (kwa msisitizo),
hata siku ile kiti kiliporushwa.
Mwandiko ni wangu.
Hakuna aliyenishika mkono.

Leo mitaro imerudi mezani.
Etcheverry kaanza, mishipa ya shingo imemtoka.
Nimeandika: (anafoka).
Nélida kauliza lile lile swali.
Nimeandika: (anauliza).

Kesho wataniita ofisini, najua,
wafunge mlango polepole,
waniambie: mama, punguza jazba.