Fremu Kumi na Mbili

Twaiba alikuja karakanani Alhamisi,
picha kumi na mbili kazifunga kwa gazeti,
akasema, "Nataka mbao tupu, Bwana Kupi.
Usinitilie yungiyungi, usinitilie mnyororo."
Nikanuna.
Miaka thelathini patasi hii inakula milango ya Mkomani,
leo naambiwa nikate mbao nne
kama mtu anayefunga sanduku la samaki.

Nikapima. Kupima ni kutazama pasi na kuona:
inchi kumi na sita kwa ishirini,
uso juu ya uso, zote kijivu.
Nikawaza, maskini, rangi zilimwishia.

Ya tano ndiyo iliyonishika mkono.
Mwanajabu wa makaa, wa pale Langoni,
ambaye kila asubuhi nampita na "Sabalkheri" yangu
na jibu lake sikuwahi kulisubiri.
Amekaa juu ya gunia. Hakutabasamu.
Mwanga umemjia ubavuni, toka kichochoroni,
kama mgeni aliyepiga hodi kwanza.
Vumbi limelala kwenye mikunjo ya kope
hata sijui ngozi inaishia wapi, kazi inaanzia wapi.
Jicho moja limo kivulini.
Lile la pili linanidai.

Nikaweka futi chini.

Nikarudi kwenye ya kwanza, nikaanza upya.
Nyamweya, mkata mawe wa Maweni kule Manda,
shati limechanika begani, na hapo begani
weupe wa jiwe umeganda.
Nyumba zetu hizi tunazojisifia
zimepita juu ya bega lile.

Bi Avishi, mshona kofia, uzi mdomoni,
matundu ya kofia yanahesabika moja moja.
Nikayahesabu, wallahi, nikafika mia na kumi,
chai ikapoa.

Na kijivu, kumbe, kina vyumba:
kipo cha chokaa mbichi,
kipo cha ganda la chaza kwa ndani,
kipo cha moshi wa jana uliogoma kutoka jikoni.
Mimi fundi wa mbao, nilidhani ni kimoja.

Ya tisa ni mtoto wa chuoni:
miguu imetulia, kichwa kimekuwa ukungu.
"Hii imeharibika," nikamwambia Twaiba.
"Ndivyo alivyo," akasema.

Jumapili Mwanajabu akaja kujiona.
Alisimama mlangoni, ndoo mkononi,
akajitazama kitambo.
"Leso yangu nyekundu. Wekundu umekwenda wapi?"
Twaiba hakujitetea. Akamwonyesha kwa kidole
pale karibu na pindo, penye jina la leso.
Jua la Langoni lilikwisha kulifuta, tukidhani,
na hapa limesimama, herufi kwa herufi:
UKINIDAI NAMI NAKUDAI.
Mwanajabu akalisoma kwa sauti,
mara ya pili polepole,
kama leso ni ya mtu mwingine,
kisha akacheka hadi akaitua ndoo.
Kamera ilikuwa mezani.
Twaiba hakuigusa.

Mbao nilizikata tupu kama nilivyoagizwa.
Ya tano tu, kwa nyuma, upande wa ukutani,
nilitia yungiyungi moja, dogo,
na sikumwambia mtu.

Asubuhi yake, Langoni,
nikasema "Sabalkheri," nikasimama.
Mwanajabu akanitazama kwa macho yote mawili,
akanitajia bei ya makaa.