Sahani ya Nne

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, nazilisha.
Nazimwagia mchuzi wa rangi ya sharbati,
nazirudisha kwenye kabati la joto,
nyuzi thelathini na saba, joto la mwili wa mtu,
nazo zinakula, zinagawika, zinajaza sahani
kama wageni wa harusi wasiojua kuaga.
Ni seli za saratani ya umio.
Mwenyewe simjui. Chupa imeandikwa nambari tu.

Shangazi Mize, kule Kangagani, tangu Rajabu hamezi.
Kwanza ulikwama muhogo. Tukasema hakutafuna.
Kisha wali. Kisha bokoboko.
Kisha uji ukarudi, naye akatutaka radhi
kama aliyemwaga kitu kwenye nyumba ya watu.
Sasa ni maziwa, kijiko cha chai,
na kitambaa kidevuni.

Wiki hii nimetia dawa. Si dawa, niseme vizuri:
ni kitu kimoja tulichokitoa kwenye makonyo,
vile vijiti alivyovitenga yeye miaka hamsini,
karafuu jamvini, makonyo pakachani,
vidole vikinukia hata siku ya Idi.
Makonyo! Bei yake haijapata kununua doti ya kanga.

Sahani ya kwanza, isiyotiwa kitu: zimestawi.
Ya pili, tone dogo: kama hazikusikia.
Ya tatu zimeanza kujikunyata.
Ya nne...
nilisimama. Nikakaa. Nikafuta lenzi,
nikatazama tena. Zimesinyaa, zimemeguka,
zimeachia sakafu, zaelea
kama makapi kwenye maji ya kuoshea mchele.

Jumamosi nikamweleza.
Alisikiliza macho kafumba. Sauti yake, karatasi:
"Basi nichemshie. Yamo uvunguni, pakacha zima."

Shangazi, sahani si koo.
Sahani haina ini, haina damu ipitayo.
Kiasi kile ukikinywa kitakuunguza
kabla hakijafika kunakoumwa.
Na ipo sahani ya tano sijakwambia:
nilitia seli nzima, za mtu asiyeugua.

"Na zile?"

Nazo zimekufa. Si zote. Lakini zimekufa.

Akanyamaza. Mkono wake ukawa unatembea juu ya shuka,
kidole gumba na cha shahada,
unachuma kitu, unatupa kulia,
unachuma, unatupa kushoto,
hauchanganyi.
"Basi kazi hamjaimaliza," akasema.
"Karafuu mnayo. Makonyo mnayo.
Mchambuaji ndiye mliyemkosa."
Akaomba kijiko. Kikashuka nusu.

Nimerudi maabara. Nimejaza daftari:
tarehe, kiasi, zilizo hai, zilizokufa.
Pembeni, pasipoandikwa kitu,
nimeandika neno lake moja
na msimamizi akiniuliza sitalifuta.
Kisha nimenawa, nimefungua kabati,
nimezilisha zilizobaki.
Zinafungua kinywa bila kuombwa.
Kesho asubuhi zitakuwa na njaa tena.